Hodi kwenye Sanduku la Chuma

Fundi Mzungu wa uwanja wa ndege wa Baitul Falaj hakushika chuma chochote bila kukigonga kwanza mara mbili kwa kifundo cha kidole, na kuinamisha kichwa asikilize. Birika aligonga, pipa la mafuta aligonga, taratibu, kama mtu apigaye hodi penye mgonjwa. Sleyum, karani wa hapo uwanjani aliyehamia Maskati na mkewe kutoka Unguja, alidhani ni uzee tu. Hata adhuhuri moja, wakinywa chai kivulini, mzee akamweleza habari za ndege ya mabawa ya ghorofa mbili waliyoiunda ujanani mwake, ya kuruka chini chini kushambulia mahandaki. Rubani aliketi ndani ya sanduku la chuma. Mabamba ya sanduku hilo yalichomwa yawe magumu, yakatoka tanurini yamepinda, wakayakaza kwa nguvu huku mwenzao mmoja yumo ndani akitafuta penye mwanya. Akigonga mara mbili, basi yu salama.

"Siku moja injini ilishika moto mwenzetu yumo ndani, bolti zikakataa kufunguka," alisema, mikono yake mikubwa imetulia magotini. "Aligonga mpaka mwisho."

Kisha akainuka, akaiendea ndege iliyokuwa haina mtu, akaligonga bamba jipya nyuma ya kiti cha rubani. Sleyum naye akasikia: ngo, ngo, kutoka ndani.

"Bado kidogo," mzee akaitikia kwa upole, akachukua spana.

Jioni, nyumbani, Sleyum aligonga mfuniko wa sufuria ya wali. Mkewe, Mahbuba, akacheka. "Bwana we, wampigia hodi nani humo?"

Sleyum alikuwa ameinamisha kichwa, anangoja kuitikiwa.