Vichupa vya Fahali wa Baba

Kazi ile ilinichosha kabla hata sijaizoea. Enzi za Mwingereza niliajiriwa kwenye kituo kimoja cha mifugo karibu na Usa River, nimsaidie bwana mifugo, Mzungu asiyejua kucheka. Tulikuwa tunagandisha mbegu za mafahali. Tulizichanganya na kiini cha yai na gliserini ili baridi isiziue, tukazitia kwenye vichupa, tukazipoza polepole, kisha tukazifukia ndani ya barafu kavu, ile inayofuka moshi bila kutoa maji, iliyoletwa kutoka Nairobi. Baadaye tuliyeyusha kichupa kimoja kwenye maji ya vuguvugu, tukatazama kwa hadubini kama mbegu zimeamka.

Baba alikiazimisha kituo fahali wake wa pekee, na mimi ndiye niliyemshawishi. Masharti yalikuwa mafupi: mbegu zikishindwa mara tatu, fahali anahasiwa. Mafahali wa walowezi walikuwa wamepimwa na kufaulu mwezi wa pili, wakati wa jua kali. Zamu ya fahali wa baba ikaangukia mwezi wa saba, baridi ya mlimani ikituuma vidole.

Kila asubuhi niliosha vipande vya kioo vya hadubini kwa maji ya mfereji, nikavipanga dirishani viking'aa. Nilijivunia usafi wangu. Bwana aliweka tone la mbegu juu ya kioo, akachungulia.

"Zimekufa."

Mara ya tatu alinyoosha mkono kuelekea zizini. Fahali alipohasiwa, kamba niliishika mwenyewe. Aibu ile haijanitoka hadi leo.

Jumapili nikaenda nyumbani, magharibi ya mlima Meru. Mama alikuwa anasafisha kibuyu kwa kijinga cha moto, kama alivyofanya maisha yake yote.

"Shikamoo, yeyo."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo?"

Akakung'uta majivu, akamimina maziwa papo hapo. Nikamwuliza kwa nini hasubiri kibuyu kipoe.

"Maziwa yametoka mwilini mwa ng'ombe sasa hivi. Ukiyatia kwenye baridi yanashtuka. Na wewe msomi hujui hilo?"

Nilijua. Nimekua nikiliona kila siku. Nikavikumbuka vioo vyangu vya baridi pale dirishani.

Jumatatu nilikuta kichupa kimoja cha fahali wa baba kimesahauliwa kwenye barafu. Nikakiyeyusha, na safari hii kioo nikakibana kwapani mpaka kikapata joto. Nikaweka tone. Zilikuwa hai, nyingi, zinasukumana kama ng'ombe mlangoni mwa zizi. Bwana alichungulia kwa muda mrefu.

"Kuanzia leo pasha vioo," akasema, akatoka.

Kituoni hapakuwa na ng'ombe aliyekuwa tayari kupandwa siku hiyo, na kilichokwisha kuyeyuka hakigandishwi tena. Kupitia dirisha nilimwona fahali wa baba amelala zizini, majani yake hajayagusa. Nikarudisha jicho kwenye hadubini, nikaziangalia zile mbegu mpaka ya mwisho ilipoacha kutikisika.