Stoo ya Mashuka Yawa Maktaba

Saa moja asubuhi Bi Kuruthumu Mbaruku anachomoa kitabu kinene rafuni, anakifungua katikati na kukitia pua.

"Kizima," anasema. Cha pili anakinusa mara mbili. "Hiki leo kianikwe."

Mwandishi wa habari hizi ameona maktaba kadhaa, lakini mtunza vitabu anayenusa, ndiyo kwanza!

Hapa ufukweni palikuwa na Hoteli ya Mwamba Mweupe. Sasa ni tawi la chuo kikuu. Ukumbi wa dansi umekuwa darasa, baa imekuwa ofisi ya mhasibu, na katika mabafu ya wageni wanaoga vijana waliotoka Jeshi la Kujenga Taifa.

Bi Kuruthumu, miaka arobaini na mitatu, mkazi wa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, alitandika vitanda hapa kwa miaka kumi na mmoja.

"Tuliposikia chuo kinakuja tulipiga vigelegele," anasema. "Kisha tukaambiwa wanafunzi watatandika wenyewe, ndiyo kujitegemea. Lahaula! Moyo ulinipasuka."

Watandikaji walikuwa kumi na wanane. Walipewa mwezi mmoja. Asiyepata kazi nyingine chuoni aende zake. Mshahara wa Bi Kuruthumu, shilingi 340, ndio unaolisha watoto wanne na mama yake mzazi.

Mwezi huohuo vitabu vikafika, masanduku sitini. Mkutubi kijana, Bwana Augustino, akayapanga katika vyumba vya chini vinavyotazama bahari.

"Nikamwambia, mwanangu, vyumba hivyo vina chumvi. Kila kusi ikivuma magodoro yalioza. Akanijibu, 'Shikamoo mama, lakini haya si magodoro.'"

Augustino mwenyewe hafichi. "Mimi mtu wa Songea," anacheka. "Chumvi naijua ya mboga tu."

Wiki mbili baadaye alifungua sanduku la kwanza. Kurasa zilikuwa zimegandana, zimeota ukungu wa kijani. Kijana wa watu alikaa chini, karibu alie.

Bi Kuruthumu hakumsimanga. Alijifunga kanga kiunoni, akajitwika sanduku hadi stoo ya mashuka. Ni chumba chembamba nyuma ya jiko, hakina dirisha la baharini, na ukuta wake unapata joto la tanuri kutwa.

"Humo shuka halijapata kulala likaamka na unyevu," anasema.

Wenzake nao wakajitwika. Kufikia adhuhuri masanduku yote yalikuwa stoo.

Ijumaa kamati ya wafanyakazi ilikutana kuamua nani abaki. Augustino akaomba Bi Kuruthumu awe mtunza vitabu. Mwenyekiti akashangaa: mtu asiyejua kusoma atatunzaje vitabu?

"Mimi ninayejua kusoma ndiye niliyeviozesha," Augustino akajibu.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, mwenyekiti naye hoi. Kazi akapewa palepale. Wenzake wengi nao wamepata nafasi jikoni na bustanini.

Siku hizi, kila saa kumi jioni, Bi Kuruthumu huenda kwenye darasa la kisomo linalofundishwa na mwanafunzi aitwaye Blandina. Tayari anaandika jina lake, na herufi zake, hata Blandina anakiri, zimenyooka kuliko za baadhi ya wanachuo.

"Vitabu hivi nimevibeba, nimevianika, nimevifuta vumbi," anasema. "Mwakani, inshallah, nitajifungia humu na kimoja, nikisome mpaka mwisho. Atakayebisha hodi, angoje."