Imla ya Maneno Yanayofanana

Nilipoanza kidato cha kwanza Mbinga mjini sikujua kwamba sisikii vizuri. Nilijua tu kwamba mimi ni mzito wa akili. Ndivyo nilivyoambiwa nyumbani Lituhi, kando ya ziwa, tangu niliponusurika na homa ya uti wa mgongo, nikiwa bado shule ya msingi. Mama akiniita nikiwa nimempa mgongo, siitiki. Mwanzoni alinichapa akidhani ni kiburi. Baadaye akaacha, akawa ananitazama tu, kama mtu aliyerudishiwa mtoto akiwa amepungua.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda milimani na wazazi wakaanza kujijengea sekondari zao wenyewe. Yetu ilikuwa na madarasa mawili ya matofali, na la tatu lisilo na paa. Nilikaa kwa mama mdogo, aliyekuwa akiuza mitumba sokoni.

Kiingereza tulifundishwa na mwalimu wa kike, mwenyeji wa hapo, Mmatengo mrefu mwenye sauti ya kukwaruza. Tulimwita Madam. Kila Ijumaa alitupa imla ya maneno yanayofanana. “Ship” na “sheep”, “full” na “fool”, “live” na “leave”. Alisoma akitembea nyuma ya madawati, nasi tukaandika. Nusu ya darasa tulipeleka meli malishoni na kuwapakia abiria kwenye kondoo. Tulicheka, na yeye alicheka nasi.

Ijumaa moja hakucheka. Alisimama kwenye dawati langu na daftari langu mkononi, akaniambia nibaki wengine wakitoka.

“Wenzako wanakosea irabu,” alisema. “Hilo naelewa, hata mimi lilinisumbua. Lakini wewe nimekusomea ‘fin’, umeandika ‘thin’. Nimesoma ‘sick’, umeandika ‘thick’. Kwenu hamna s? Hamna f?”

“Zipo, Madam.”

“Geuka, tazama ukuta. Sema ninachosema mimi.”

Niligeuka. Nilisikia sauti yake, nikajibu, “Shika.”

Akasema tena, nami nikajibu tena, “Shika.”

“Nigeukie.”

Nilipogeuka nikaona mdomo wake, meno ya juu yakigusa mdomo wa chini. “Fika,” nikasema kabla hajamaliza.

Alikaa kwenye dawati la mbele, polepole. “Kumbe unanisikia kwa macho,” alisema. “Nyumbani wanajua?”

“Wanajua nini, Madam?”

Alinishika kichwa, akageuzia uso wake dirishani.

Katika Kiswahili na Kinyasa, lugha ya nyumbani, nilikuwa nikikisia. Neno moja likinipita, yale ya jirani yalinisaidia kulipata, na sura ya mtu ikanimalizia. Kiingereza cha imla hakikuwa na majirani. Neno lilikuja peke yake, kutoka nyuma yangu, nami sikuwa na pa kushika.

Madam alimwita mama. Mama alipanda na lori la mihogo kutoka ziwani, akafika amejaa vumbi hadi kwenye kope. Tulikwenda wote watatu hospitali ya misheni. Daktari aligonga kichuma chenye meno mawili, akakisogeza kwenye sikio moja, kisha jingine. Halafu alizungumza na mama, nami nikamtazama mdomo.

“Mishipa ya kusikia iliharibiwa na ile homa. Haitapona.”

“Itazidi kufa?” mama aliuliza.

“Siwezi kukuahidi, mama.”

Mama hakulia pale. Tulipofika nje aliketi kwenye ukingo wa ukuta, akaniambia, “Mwanangu, nilikuwa nakuchapa.” Madam alisogea pembeni akatuachia nafasi.

Jumatatu yake alinihamishia dawati la mbele. Baada ya masomo alinifundisha upya, bila kutegemea masikio. Aliweka vidole vyangu kooni pake: kwenye “van” koo lilitetemeka, kwenye “fan” lilitulia. Alinipa kipande cha karatasi nikishike mbele ya midomo yangu: “pat” ilikipeperusha, “bat” haikukitikisa. Kwa “sheep” alinivuta mashavu kama mtu anayelazimishwa kutabasamu. Nilijifunza Kiingereza kwa ngozi kabla ya kukijua kwa sikio. Zilikuwa siku chache nilizojiona mwenye akili.

Hazikudumu. Kabla ya mwaka kwisha, Madam aliacha kazi. Mshahara ulikuwa hautoshi, na kampuni moja ya kahawa ilitafuta mtu wa kuwaandikia hesabu. Alikuja kuniaga nyumbani kwa mama mdogo, akaniambia, “Mwalimu mpya mwambie mwenyewe. Usingoje agundue.”

Nilimwambia, mbele ya darasa zima, kwa sauti ambayo nadhani ilikuwa kubwa kupita kiasi: “Mwalimu, naomba usizungumze ukiwa umetazama ubao. Mimi ni kiziwi.” Lilikuwa neno nililojiita kwa mara ya kwanza. Aliweka chaki chini, akanigeukia, akaanza somo upya.

Sikio la kushoto lilikufa nikiwa kidato cha nne. Kiingereza nilifaulu. Mama aliposomewa matokeo aliuliza kama kweli ni yangu, akaomba asomewe tena.