Siku Bomba Liliposhikwa na Kwikwi

Haya ninayoandika hamtayaamini, nawaambia mapema ili msije mkanisumbua baadaye. Hata mimi nisingeyaamini, kama nisingekuwa mimi. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa tumbo moja, aliita watu kutoka mlimani bila simu, bila moshi, bila kupiga kelele. Mwenyewe amekaa hapo, mguu juu ya stuli, anajifanya anazungushia katani kwenye maungio ya bomba. Uongo. Naandika huku nasoma kwa sauti, naye ananisubiri nikosee.

Watu wanamwita Spana. Kazi yake ni kukagua bomba linaloteremsha maji kutoka chemchemi ya milimani hadi kwenye tangi la mji. Huko bomba linakopita hakuna nyumba wala duka, na simu ukiitoa mfukoni inakutazama tu. Mafundi wenzake hugombania kazi za mjini, za masinki, ambazo ukimaliza unakaribishwa chai. Yeye hupanda peke yake, mkoba begani: spana kubwa, vipande vya mpira wa tairi vya kufungia panapovuja, sweta, nailoni ya kujifunika, filimbi, mkate na chupa ya maji.

"Yaani unabeba maji kwenda kwenye maji?" nilimuuliza siku moja.

"Mbona wewe Mjomba unabeba maneno kwenda kwenye maneno, nami sikuulizi?"

Mdomo huo ameurithi ujombani.

Kabla ya kupanda hupita kwa mlinzi wa tangi, mzee tunayemwita Kifuniko kwa sababu hajawahi kuona sufuria wazi akaiacha ilivyo. Spana huvua ndala zake mlangoni pale, akavaa buti, akamwambia anaishia wapi. Jua likizama na ndala bado zipo, Kifuniko anajua la kufanya. Utaratibu mzuri sana, ila una kasoro moja: unangoja jua lizame.

Siku hiyo wingu lilishuka mchana, zito kama blanketi lililoloweshwa. Spana alikuwa karibu na chemba ya juu, kile kisima kidogo cha saruji chenye koki ya bomba, alipokanyaga jiwe lenye ukoga. Mguu ukaenda kwake, naye akaenda kwake. Kifundo kikalia ko! Akatukana kidogo (dada yangu aruke mstari huu), akajaribu kusimama. Wapi!

Hapa ndipo wajuaji wengi huzikwa. Wingu lilipofunguka kidogo aliiona barabara chini, karibu kabisa, utadhani unaweza kuitemea mate. Kati yake na barabara palikuwa na korongo. Maumivu yakamwambia, jiburute tu, ni mteremko. Spana akayaambia yanyamaze. Watakaomtafuta watafuata bomba, maana bomba ndilo alilomtajia Kifuniko alipoaga. Ukiiacha njia uliyoitaja ukiaga, hata watu wakijaa mlima mzima watakutafuta mahali usipokuwepo.

Akavaa sweta kabla hajalowa. Hakuvua buti, kwa kuwa mguu ukishavimba haurudi ndani; akalikaza kwa ile mipira ya tairi. Akajifunika nailoni, akapuliza filimbi. Upepo ukaimeza. Mvua ikaanza, ile nyembamba isiyo na haraka, na meno yakaanza kugongana. Hapo akajua kwamba akingoja zile ndala zimwite Kifuniko, baridi itamfikia kwanza.

Akajivuta hadi kwenye chemba, akaifunga koki kubwa kwa spana.

Kule chini Kifuniko akasikia maji yamekatika. Mnadhani alishtuka? Alifurahi! Kwa watu wa bomba, maji yakikatwa kutoka juu, maana yake fundi amefunga ili atengeneze. "Mwanangu yuko kazini," akajisemea, akabandika chai.

Spana naye, huku akitetemeka ndani ya nailoni, likamjia lilelile. Kila siku hufunga, na kila akifunga Kifuniko hutulia. Kumbe amempelekea mzee habari kwamba mambo ni shwari! Akatukana tena, safari hii vizuri. Kisha akafungua koki. Akangoja, akafunga. Akafungua tena. Hakuna fundi anayetengeneza hivyo. Vidole vilipokufa ganzi akawa anasukuma spana kwa kiwiko, anapumzika, anasukuma.

Kifuniko alikuwa anatia sukari. Maji yakaja shaa, yakakata. Yakaja, yakakata.

"Huyu anafanya kazi au anacheza?"

Yakaja tena, yakakata. Kijiko kikabaki hewani. Akampigia simu dada yangu, nami nilikuwa pale mezani kwa shughuli maalumu, ya kumaliza chakula.

"Mama Spana, bomba limeshikwa na kwikwi."

"Sasa mimi nilinyweshe maji?"

"Sikiliza, mama. Ni mwanao. Ananiita."

Dada akaweka simu chini, uso umembadilika. Akanigeukia. "Wewe unayejua kila kitu, inuka."

Tukapanda, Kifuniko, dereva wa idara ya maji na mimi, na mablanketi mawili, chupa ya maji ya moto na mabomba mawili ya plastiki ya kutengenezea machela. Hatukuhangaika kutafuta, tulifuata bomba tu. Mwanga ulikuwa bado upo tulipoiona nailoni, na chini yake Spana, midomo rangi ya majivu, kiwiko bado kinasukuma spana.

Kifuniko akavua koti lake, akamvika. "Umeniharibia chai yangu, imepoa."

"Hata mimi nimepoa, mzee."

Tukacheka, Spana akalia. Tukamfunga blanketi, tukampa maji ya moto yenye sukari kidogo kidogo, Kifuniko akaanza kuyapitisha mabomba kwenye mikunjo ya blanketi la pili. Nikamwambia, mzee, weka hayo mabomba yako, damu yangu haibebwi kwa plastiki. Nikamwinamia mpwa wangu, nikamtupa mgongoni kama mkoba, nikateremka naye mlima mzima bila kuhema, dereva ananikimbilia nyuma akilia nimngoje, na tulipofika kwenye kijito kilichofurika nikaruka kwa mguu mmoja, huku mkono wa kushoto nime—

"Mjomba. Wewe ulibeba kofia yangu."