Mnazi Uliohamisha Timu

Mpira ukigonga ukuta hurudi kwa kelele. Ukigonga mnazi, husikika "dup" nzito, kama mtu anayetua gunia, kisha unakwenda upande usioutarajia. Juzi nilikwenda Malindi kumtembelea mjomba wangu Charo, na nikiwa nimekaa barazani na kikombe cha chai nikausikia mlio huo uani. Mwanawe mdogo alikuwa akipiga mpira kwenye mnazi wa jirani. Chai ilinipoa mkononi. Nilikuwa nimerudi Matsangoni, nina miaka tisa, na kijiji kizima hakisemezani na bibi yangu.

Ngoja kwanza niwaeleze habari za timu. Iliitwa Chamchela, nayo ilicheza katika daraja la chini kabisa, kwenye uwanja uliobanwa na barabara kuu upande mmoja na mashamba ya mahindi upande wa pili. Mistari tuliichora kwa majivu, na kila Jumamosi asubuhi sisi watoto tulipita jikoni kwa watu na ndoo kuyaomba. Lakini kilichoutofautisha uwanja wetu na viwanja vingine ni mnazi uliosimama ndani yake, hatua chache kutoka kwenye kibendera cha kona. Mpira ukiugonga, mchezo uliendelea. Vijana wetu walikuwa wameuzoea. Winga wetu aliupigia mpira makusudi, akazunguka, akaupokea upande wa pili, huku beki mgeni akimtazama refa aone kama kuna haki duniani. Siku moja nazi ilianguka katikati ya mchezo, na refa akapuliza filimbi bila kujua ampe nani kadi.

Ardhi ya uwanja ilikuwa mali ya familia moja ya Malindi ambayo hatukuwahi kuiona. Magoli yalikuwa ya shule. Jezi na mipira vilikuwa vya mfadhili, Bwana Taufiki, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hukohuko Malindi. Mnazi ulikuwa wa Hawe. Hawe ndivyo sisi Wagiriama tunavyomwita bibi, na kwetu pwani ni jambo la kawaida shamba kuwa la mtu huyu na minazi iliyomo kuwa ya mtu yule. Nilipomuuliza Hawe timu yenyewe ni ya nani, alifikiri kidogo akasema, "Ya wanaopiga kelele."

Kwa hesabu hiyo timu ilikuwa yake. Kila siku ya mechi alifika mapema na mbuzi yake ya kukunia nazi, akaikalia pale kwenye mstari wa majivu, makali yake yakiwaelekea wageni. Marefa walimjua kwa jina. Mapumziko yalipofika, wachezaji walikunywa madafu ya mnazi uleule. Aliyewagawia alikuwa Charo, kipa wetu, kitinda mimba wa Hawe na mtoto wake pekee aliyebaki nyumbani. Mama yangu alifanya kazi Mombasa, kwa hiyo mimi nililelewa na Hawe na Charo. Charo ndiye aliyenipeleka shule kwa baiskeli, akanifundisha kudaka, akanisuka hata nywele, vibaya sana.

Mwaka ule Chamchela ilishinda ikapanda daraja. Tulicheza ngoma mpaka sauti zikakauka. Wiki iliyofuata akaja afisa wa ligi na utepe wa kupimia. Akapima, akaandika, akasimama mbele ya mnazi akautazama kuanzia chini mpaka juu.

"Huu nao unachezea nani?" akauliza.

Hakuna aliyecheka. Akasema mnazi uondolewe, la sivyo timu itafute uwanja mwingine. Uwanja wenyewe haukuwa na pa kusogea. Bwana Taufiki akasema hakuna shida, Malindi kuna uwanja wenye ukuta na nyasi, naye atawapa wachezaji chumba nyuma ya duka lake na kazi pale dukani.

Neno likaenea kwamba timu inahamishwa, nami sikulielewa hata kidogo. Nilidhani litakuja lori, wachimbe uwanja kama mtu anayeng'oa mche wa mpapai, waupakie na majivu yake. Nikamuuliza Charo kama wataubeba wote au nusu.

"Uwanja haubebwi," akanijibu akicheka. "Watabebwa watu."

Hapo ndipo nilipoogopa. Lakini Charo alimwambia kila aliyemuuliza kwamba yeye haendi, mama yake atamwachia nani. Isitoshe, Hawe alikuwa na minazi mingine kumi na mmoja nyuma ya nyumba. Mmoja ukikatwa, timu inabaki, Charo anabaki, na mimi naendelea kupelekwa shule kwa baiskeli. Sikuona kilichokuwa kigumu.

Wakaja Jumapili alasiri: Mzee Kombe aliyekuwa mwenyekiti wa timu, Bwana Taufiki mwenyewe, na wachezaji wote, ambao walisimama uani kama watu wanaoposa. Nusu ya kijiji ilikuwa nje ya ua ikisikiliza. Hawe aliwakaribisha, akaagiza waletewe maji, kisha akaendelea kukuna nazi.

"Hawe Sidi," Mzee Kombe akaanza, "ardhi ile si yako."

"Ardhi si yangu. Mnazi ni wangu."

"Ndiyo tumekuja kuuomba. Tutakufidia, tena tutakupandia mitatu."

Bwana Taufiki akaweka mkono kifuani. "Bibi yangu, mimi sina neno na mti wako. Nataka tu uniambie, maana nikishawachukua vijana siwarudishi."

Hawe akakuna nazi mpaka kifuu kikabaki kitupu. Akakiweka chini. "Kitovu cha Charo kiko chini ya ule mnazi," akasema. "Marehemu baba yake alikizika pale, akapanda. Sasa mwenye shoka na aje."

Kwetu mti uliopandwa juu ya kitovu cha mtu hauguswi, na hakuna kikao kinachoweza kulijadili jambo hilo. Mzee Kombe akavua kofia akaivaa tena. Nikamtazama Charo. Alikuwa ameinamisha kichwa, anachora mchanga kwa kidole cha mguu.

Mimi nikachanganyikiwa. Nyuma ya jiko letu palikuwa na kisiki cha mnazi ulioliwa na chonga, wale wadudu wa minazi, ambapo niliosha vyombo kila siku. Nyumbani sote tulikiita kisiki cha Charo. Nilikuwa nimewahi kumsikia Hawe akimwambia mama kwamba siku ulipokufa mnazi ule alilia, kwa sababu ulipandwa siku Charo alipozaliwa. Nikaona hapa wakubwa wamesahau jambo, niwasaidie.

"Hawe," nikasema, "na kile kisiki..."

"Dama, kaoshe masufuria."

"Nimeshayaosha, Hawe."

"Kaoshe tena."

Nikaenda. Nilikaa kwenye kisiki nikiwaza, na hatimaye nikahitimisha kwamba pengine Charo alizaliwa na vitovu viwili. Kesho yake alipovua jezi nilimchunguza tumbo kwa makini. Kilikuwa kimoja.

Wiki zilizofuata ziliniumiza. Hakuna aliyemtukana Hawe, maana kitovu ni kitovu, lakini watu waliacha kumsalimu. Kisimani wanawake walisogeza ndoo zao akifika. Shuleni niliitwa Mnazi, na aliyenipa jina hilo alikuwa rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja. Majivu yalirundikana majikoni kwa watu. Na kilichonichanganya zaidi ni Hawe mwenyewe. Mtu aliyewahi kumfukuza refa mpaka barabarani sasa alifagia ua akiimba kwa sauti ndogo, kama aliyemaliza kazi.

Charo akamwambia kwamba timu iende, yeye atabaki.

"Ubaki?" Hawe akang'aka. "Timu imehamishwa kwa ajili ya kitovu chako, halafu wewe mwenye kitovu ukae hapa unakula ugali wangu? Watu watanionaje? Aibu niliyonayo hainitoshi?"

Mpaka leo sijasikia hoja iliyofungwa barabara namna ile.

Wakaondoka asubuhi kwa lori la Bwana Taufiki, wamekalia mifuko ya saruji, jezi zimefungwa ndani ya shuka. Hawe aliwapa madafu ya mnazi wa uwanjani. Hakupunga mkono. Lori lilipoishia, nilimgeukia nikamwambia maneno ambayo mtoto wa siku zile hakumwambia mkubwa: kwamba anapenda mti kuliko mtu. Nilingoja kofi. Akanishika mkono tukarudi nyumbani, akanipikia wali wa nazi, naye hakula.

Ndiyo hayo niliyokuwa nikiyakumbuka pale barazani kwa Charo juzi. Sitawadanganya kwamba Chamchela ilifika mbali. Ilicheza misimu miwili Malindi, ikabadilishwa jina, Bwana Taufiki akachoka na mpira, ikafa. Lakini Charo alikuwa ameshajifunza kazi pale dukani, na leo ana duka lake dogo la mabomba, mke, na watoto watatu wanaosumbua mnazi wa jirani. Nikamuuliza kwa mzaha kuhusu vitovu vyake viwili.

Hakucheka.

"Mnazi wa kile kisiki niliukata mimi mwenyewe, Dama," akasema. "Nilikuwa darasa la sita. Nilijua mti wangu ulipokuwa."

"Mbona ulinyamaza?"

"Nilitamani kwenda mpaka nikaona haya. Na mama aliliona. Nikisema neno, wangeukata ule wa uwanjani, timu ingebaki, nami ningebaki nikimtazama yeye maisha yangu yote." Akamwaga masalio ya chai. "Hatujawahi kuzungumza habari hiyo. Wewe usimwambie."

Nilishuka Matsangoni wakati wa kurudi. Mnazi bado umesimama. Uwanja umemezwa na mahindi. Hawe macho yamefifia, lakini nilimkuta ukumbini kwenye mbuzi ileile, anakuna nazi kwa kupapasa. Nilimwamkia, nikakaa, nikajaribu kunyamaza kama nilivyoagizwa. Sikuweza. Nilitaka kumwomba radhi kwa maneno yale ya siku ya lori, na sikujua nianzie wapi bila kumtaja Charo.

"Hawe," nikasema, "ule mnazi wa uwanjani ulipandwa na nani?"

Mkono wake ukasimama juu ya mbuzi. Alinigeuzia uso, ingawa sidhani kama aliniona vizuri.

"Dama," akasema polepole, "kaoshe masufuria."

Nikaenda nyuma ya jiko. Kisiki kilishaoza zamani, pamebaki kishimo kinachotuama maji. Masufuria yote yalikuwa yamepangwa juani, safi, yanang'aa. Niliyachukua moja moja nikayaosha yote, nikilia, nikihakikisha yanagongana kwa nguvu ili asikie.