Viatu vya Bwana Harusi

Fundi Kwato alishona viatu kwenye kibaraza cha duka la nguo, na jina hilo hakulipata bure. Miguu yake ilikuwa mikubwa hivi kwamba akikanyaga dimbwi, maji yanahamia mtaa wa pili. Anayebisha akawaulize vyura, maana wao ndio walioyafuata.

Ukimpelekea kiatu kipya kinachobana, hakukichomeka kalibu ya mti kama mafundi wengine. Alichomeka mguu wake mwenyewe. Atashona amekivaa, atakwenda nacho sokoni na kurudi, na jioni utakikuta laini kama sikio la paka. Kutoza, hatozi. Mkewe alipomlalamikia kwamba vidole vyake vimejaa malengelenge ya watu, alijibu kuwa yeye na malengelenge wameshazoeana.

Basi asubuhi moja akaja kijana wa jirani. Anaoa siku hiyohiyo, viatu mkononi, uso umemshuka. Vilikuwa zawadi ya mama yake, vyeusi, vinang'aa hadi unajiona meno. Lakini akivivaa anachechemea, na shangazi wa bibi harusi alishatangaza kwamba ukoo wao hauozeshi mtu mwenye mwendo wa bata. Na ukumbini atapita mbele ya wakwe wote.

"Mzee wangu, niokoe," alisema. "Nikichechemea leo, nitaitwa Bata mpaka na wajukuu."

Fundi akavivaa kwa kuuma ulimi. Akazunguka mtaa, akapanda na kushuka ngazi za posta, akacheza hata muziki kidogo mbele ya kinyozi. Ngozi ikalegea kweli. Kasoro moja tu: na miguu nayo ikavimba, viatu vikagoma kutoka. Mkewe akamimina maji ya sabuni, akavuta. Fundi akateleza na kigoda chake mpaka mlangoni kwa kinyozi, viatu vikiwa palepale. Magari ya harusi yakaanza kupiga honi.

Ikawa hivi: bwana harusi aliingia ukumbini na makubazi ya fundi, mapana kama masinia, chapa, chapa, chapa. Nyuma yake fundi, ndani ya viatu vya harusi, anachechemea yeye. Shangazi akanyoosha shingo kama anayechungulia kisima.

"Hachechemei," akasema, kama aliyeibiwa.

Bibi harusi akayatazama makubazi, akamtazama mzee wa watu anavyokunja uso kila hatua, akaelewa yote bila kuambiwa. Alicheka mpaka wanja ukatiririka. Kisha akaketi, akavua viatu vyake vya kisigino kirefu.

"Baba," akamwita fundi, "na mimi hivi vinaniua tangu alfajiri."

Mke wa fundi, aliyekuja nao, akamkata mumewe jicho: thubutu! Lakini shangazi alishapiga magoti, kashika mguu mmoja wa fundi, mke akashika wa pili, wakavuta. Viatu vikachomoka, shangazi chali, kiatu kifuani, anacheka kuliko wote.

Maharusi walicheza pekupeku. Na kwenye picha, ukitazama pembeni, utamwona Fundi Kwato ameshika kiuno, vidole viwili tu vimeingia, anatembea kwa madaha juu ya visigino vya bibi harusi, na shangazi amemshika mkono asianguke.