Mama Alionja Kila Kitu

Mpaka leo nikipita mbele ya hoteli ile pale Kyela mjini, nageuza uso. Mume wangu hunicheka, anasema jengo halina kosa. Najua halina. Lakini siwezi kulitazama bila damu kunichemka, na wala sina mpango wa kujizoeza.

Mama yangu ni mfinyanzi. Ameishi miaka yake yote ufukweni mwa ziwa, upande wa Matema, anafinyanga vyungu na kuvichoma, na vinavyotoka salama motoni vinakwenda gulioni. Mwaka huo mjukuu wake, binti wa dada yangu aliyeolewa Ipyana, alikuwa anapata kipaimara. Nyumba ya dada ilijaa wageni mpaka jikoni palilazwa watu. Nikasema safari hii mama halali chini kwenye mkeka, na magoti yake yale. Nikamlipia chumba hotelini mjini, mimi mwenyewe nikabaki Ipyana kumenya ndizi. Nilijiona mtoto mwema kweli kweli.

Nilimfikisha jioni. Alikuwa amebeba chungu kilichofungwa kwenye kanga, kwa sababu mama haendi kulala kwa mtu mikono mitupu. Nikamwambia, "Mama, hii ni hoteli, nimeshalipa." Akanitazama kana kwamba nimetukana. Akakifungua chungu chake, chekundu, kimechorwa nyeupe shingoni, akampa dada wa mapokezi kwa mikono miwili. Yule dada akakipokea vizuri, hata akapiga goti kidogo. "Ndaga fijo, mama," akashukuru.

Kisha akatupeleka chumbani. Akamwonyesha mama kitanda, akamwonyesha bafu, halafu akafungua friji ndogo iliyokuwa chini ya televisheni, imejaa tele. "Karibu mama, vitu vyote vipo humu, jisikie uko nyumbani." Mimi nilikuwa mlangoni naongea na simu, dada yangu anauliza habari za mchele. Maneno yale niliyasikia, nikayaacha yapite. Hilo ndilo sijajisamehe.

Kwetu mgeni akiwekewa kitu, lazima akionje. Asipoonja, mwenyeji atajua anashukiwa, kwamba mgeni anahofia ametiliwa kitu. Na mgeni mwenye adabu hamalizi. Anaonja kila kilicholetwa, kisha anabakiza, ili watoto wa nyumba ile nao wapate. Nimefinywa sikio mara nyingi utotoni kwa kurudisha bakuli tupu kwa watu.

Basi mwanamke huyu aliyekwishapita miaka sabini, peke yake chumbani, akafanya adabu. Alifungua soda akanywa funda moja. Akafungua juisi, funda moja. Akala korosho tatu au nne. Akamega ncha ya chokoleti, ambayo alinieleza baadaye kwamba ilimganda menoni. Hata bia ya kopo, yeye ambaye hajawahi kunywa pombe maishani mwake, aliifungua akalowesha ulimi tu, ili aliyeiweka asije akaona amedharauliwa. Kisha akafunika kila kimoja kadiri alivyoweza, akavipanga upya kwa mstari, akafuta na tone lililomwagika.

Asubuhi nilikwenda kumchukua, ibada ilikuwa saa tatu. Tukiwa kaunta tunarudisha ufunguo, msafisha vyumba akashuka na karatasi. Yule dada wa mapokezi akaisoma kwa sauti, kitu kimoja kimoja, mbele ya wageni waliokuwa wanakunywa chai. Soda moja. Juisi moja. Bia moja. Jumla ilizidi bei ya chumba chenyewe.

"Hakuna aliyetuambia kwamba vinalipiwa," nikasema.

"Karatasi ya bei ipo chumbani, dada."

Nikapanda kuitafuta. Ilikuwepo, siwezi kusema uongo. Ilikuwa imelazwa chini ya rimoti, imeandikwa Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Mama anasoma Biblia na kitabu cha nyimbo, vyote vya Kiswahili. Hoteli iko Kyela, mhudumu ni wa Kyela, hata ile "karibu mama" yake ilikuwa ya Kyela, ila bei tu ndiyo iliandikwa kwa lugha ya kujifichia. Na chokoleti ile! Kakao inaanikwa kwenye mikeka Ipyana mpaka Ndandalo, watoto wanaikwepa wakienda shule, halafu inarudi imevikwa karatasi ya kung'aa na mama mzima anasomewa mashtaka kwa kumega ncha yake.

Hayo yote nilipaswa kumwambia yule dada. Lakini niliposhuka nilikuta wanywa chai wanamkodolea mama macho, aibu ikanipanda, na hasira ikakosea njia. Nikamgeukia yeye.

"Sasa mama, njaa gani hiyo mpaka ufungue vyote?"

Mtu mmoja akacheka. Mama aliinamisha macho kwenye kanga yake.

"Sikuwa na njaa, mwanangu. Nilikula kwa dada yako. Niliogopa wasije wakasema nimewakataa."

Chungu kilikuwa pale pale kaunta, kimeshatiwa funguo za vyumba. Nikamwambia yule dada, "Jana mmepokea zawadi yake kwa magoti, leo mnamdai funda la soda?"

Akanijibu kwa uso mkavu, "Zawadi ni zawadi, bili ni bili. Mimi nimeajiriwa tu."

Nikazimwaga funguo kaunta, nikakikamata chungu ili tuondoke nacho. Mama akanishika mkono. Vidole vya kufinyanga vina nguvu, niliumia.

"Kirudishe. Nimeshakitoa."

Nikakirudisha. Nikalipa. Tulifika kanisani wimbo wa pili umekwisha, na mama, ambaye sauti yake huwa inatangulia ya kwaya, hakuimba siku ile. Tulipokuwa tunarudi nilimwomba msamaha. Akasema yamekwisha, nami nikamwamini kwa sababu ilinifaa kumwamini.

Miezi michache baadaye alikuja kukaa kwangu Mbeya. Siku ya kwanza nikaondoka kwenda kazini, nikamwachia nyumba. "Mama, chakula kipo kwenye hotpoti, friji imejaa, jisikie uko nyumbani." Maneno yale yale yalitoka kinywani mwangu, wala sikushtuka.

Nilirudi saa kumi. Hotpoti ilikuwa vile vile nilivyoifunga. Mama alikuwa kwenye kochi, mikono magotini, midomo imemkauka.

"Mama, hujala?"

"Nilikuwa nakungoja uje unionyeshe vilivyo vyangu."

Nyumbani kwangu. Mama aliyenizaa. Nililia pale pale na begi likiwa bado begani, kwa hasira, ya hoteli ile na ya mdomo wangu mwenyewe, maana wao walimdai fedha tu, aliyemuuliza habari za njaa mbele ya watu ni mimi. Nikafungua friji, nikatoa soda, nikaifungua na kumwekea mkononi.

Aliitazama. Akauliza, bila kejeli hata chembe, "Hii haiandikwi mahali?"

"Haiandikwi, mama."

Akaanza kunywa. Binti yangu wa mwisho, niliyerudi naye kutoka shule, alikuwa amesogea karibu, kwa sababu soda ya bibi siku zote humalizikia kwake. Alisubiri na mkono wake ameshaunyoosha. Mama akainua chupa mpaka ikakauka kabisa, kisha akaigeuza juu chini, kunionyesha kwamba hakuna kilichopotea bure.